Muda wa kazi za mradi hukadiriwaje?

KUKADIRIA muda ni kutabiri siku ambazo kila kazi ya mradi itachukua, kabla ya jembe la kwanza kugusa ardhi. Makadirio yakienda mrama, gharama hupanda, mkandarasi hutozwa faini na wananchi hubaki wakingoja.

Londiani, katika Kaunti ya Kericho, ina ushahidi wa kale wa jambo hili. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu Desemba 1901. Hata hivyo, huo haukuwa mwisho. Katika miteremko ya Mau, ambako reli hupitia Londiani, treni zilitumia njia za muda huku madaraja ya chuma yakiendelea kujengwa. Bunge la Uingereza lilikuwa limeidhinisha pauni milioni 3. Gharama ilipita milioni 5.

Mbinu mashuhuri ya kukadiria ilibuniwa na Jeshi la Wanamaji la Marekani mwaka 1958, katika mradi wa makombora ya Polaris. Kila kazi hupewa makadirio matatu. Tuseme kamati ya shule inajenga msingi wa darasa. Mambo yakienda shwari, ni siku 6. Kwa kawaida, siku 9. Mvua ikinyesha mfululizo, siku 18. Siku za kawaida huzidishwa kwa 4, zikajumlishwa na hizo nyingine mbili, kisha jumla ikagawanywa kwa 6. Jibu ni siku 10.

Ni muhimu pia kutofautisha wingi wa kazi na muda wake. Matofali ambayo fundi mmoja huyajenga kwa siku 12, mafundi watatu waweza kuyamaliza kwa siku 4. Lakini zege huhitaji kumwagiwa maji kwa takriban siku 7 ili kukomaa, hata mafundi wawe ishirini.

Kalenda nayo ina kauli yake. Mwaka wa fedha wa serikali huisha Juni 30, ilhali mvua za masika hunyesha kati ya Machi na Mei. Fedha zikichelewa, ujenzi huangukia matopeni.

Kwa hivyo, kamati yafaa iandike makadirio yote matatu pamoja na sababu zake, kisha iweke kumbukumbu ya siku zilizotumika hasa. Kumbukumbu hiyo ndiyo itakayoongoza ujenzi wa darasa la pili.