USIITUNDIKE QUR'AN KWENYE NADHARIA



Ndugu yangu katika imani, umewahi kutumiwa ujumbe usemao, "Wanasayansi wamegundua leo kilichosemwa na Qur'an miaka 1400 iliyopita"? Kabla hujausambaza, soma kisa hiki.

Wanafizikia wanazijua nguvu nne zinazoendesha maumbile: uvutano, sumakuumeme, na mbili zinazofanya kazi ndani ya kiini cha atomu. Hamu yao ni kuziona zote kuwa nguvu moja. Mwaka 1976 Daniel Freedman, Sergio Ferrara na Peter van Nieuwenhuizen walitunga nadharia iitwayo supagraviti. Kwa mujibu wake, kila aina ya chembe ina mwenzake ambaye hajaonekana.

Mwaka 1980 Stephen Hawking, katika mhadhara wa kuanza uprofesa wake Cambridge, aliitaja nadharia hiyo kuwa yenye matumaini makubwa. Akasema huenda kazi yote ikakamilika kabla karne haijaisha.

Karne iliisha. Kazi haikuisha.

Ukajengwa mtambo wa kugonganisha chembe, duara la kilomita 27 chini ya ardhi, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Mwaka 2012 ukaipata chembe ya Higgs. Wale wenzake hawajaonekana mpaka leo. Na tazama umbali uliobaki: uvutano unakadiriwa kulingana na nguvu nyingine kwenye nishati karibu mara trilioni elfu moja ya ile ya mtambo huo!

Sisemi supagraviti ni upuuzi. Ni hisabati nzito, na mwaka 2019 watunzi wake walituzwa. Lakini haijathibitishwa, na wanafizikia wenyewe wanakiri hivyo.

Sasa jiulize. Kama mwaka 1980 sheikh angepanda mimbari akasema nadharia hii ndiyo ushahidi wa Tawhid, leo angemwambia nini kijana aliyejenga imani yake hapo? Nadharia ikianguka, kijana ataona ni Qur'an iliyoanguka. Nani atabeba mzigo huo mbele ya Allah?

Msomeshe mwanao fizikia, tena kwa bidii. Ila mfundishe pia adabu ya Imam Malik (rahimahullah), aliyesifika kwa kusema "sijui" bila haya.

Ukitumiwa ujumbe ule tena, uliza kwanza: limethibitishwa, au bado ni nadharia?

Wallahu a'lam.