Beni: Wanasiasa wanabadilishana viti, swali linabaki

Mauaji makubwa ya raia wilayani Beni, Kivu ya Kaskazini, yalianza Oktoba 2014. Tangu hapo, Kinshasa inabishana nani alaumiwe. Maneno ni yaleyale, wasemaji ndio wanabadilishana viti.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 2016, watu zaidi ya 40 waliuawa Rwangoma, mjini Beni. Siku chache mbele ya hapo, Rais Joseph Kabila alikuwa amezuru eneo hilo na kuahidi usalama. Upinzani ulisema serikali imeshindwa kulinda raia. Serikali ikajibu kwamba hao ni magaidi wa ADF, na ugaidi unapiga nchi nyingi. Waziri Mkuu Matata Ponyo alipofika Beni, wakaaji walimzomea.

Disemba 2018, CENI iliahirisha uchaguzi Beni na Butembo hadi Machi 2019, ikitaja Ebola na ukosefu wa usalama. Wapinzani walisema ngome yao inanyang'anywa kura. Tarehe 30 Disemba, wakaaji wa Beni walijipangia kura yao wenyewe. Félix Tshisekedi aliapishwa tarehe 24 Januari 2019, Beni ikiwa haijapiga kura ya rais.

Chama chake, UDPS, kilichomlaumu Kabila miaka mingi, sasa kikawa upande wa kujibu. Muungano wake na watu wa Kabila ulipovunjika, waliokuwa wakiomba raia wavumilie ndio wakaanza kulaumu. Tarehe 6 Mei 2021, uongozi wa kijeshi ulianza Kivu ya Kaskazini na Ituri. Katiba inaupa siku 30. Bunge likawa linaurefusha siku 15 kwa 15, huku watu wakiendelea kuuawa. Septemba mwaka huo, kamati ya ulinzi ya bunge ilionyesha kwamba hatua hiyo haikuandaliwa vizuri na pesa zilikosekana. Tarehe 30 Novemba, jeshi la Uganda liliingia kusaidia FARDC.

Ripoti ya namna ile ndiyo inafaa kuliko matusi ya vyama. ADF ndio wanaoua, hilo halifuti wajibu wa serikali. Familia zilizokimbilia Oicha na Butembo haziulizi chama gani kilisema kweli. Zinauliza: raia walipotoa habari kwamba adui amepita, nani aliipokea, na alifanya nini kabla ya usiku kuingia?