Achana na kipanya: njia za mkato za kibodi kwa wanaochapa kazi

Mdau mmoja mwenye duka la stesheneri kaniuliza kwa nini mimi nachapa kurasa nyingi kuliko kijana wake, na wote tumemaliza fom fo tu, hakuna aliyesomea uhazili. Jibu ni fupi: kijana anashika kipanya kila saa. Mimi kikiharibika naweza kumaliza siku bila kukigusa.

Kwa sisi tunaolipwa kwa ukurasa hii ni hela, sio mbwembwe. Tuseme kila ukihamisha mkono kwenda kwenye kipanya na kurudi unapoteza sekunde 3, na unafanya hivo mara 400 kwa siku. Hizo ni dakika 20. Kwa siku 26 za kazi unapata zaidi ya saa 8 na nusu, yaani siku nzima ya kuchapa imeenda bure. Na nyuma yako kuna mtu kasimama na barua ya maombi ya kazi, mwisho wa kutuma ni leo saa sita usiku.

Tuanze na ile ya lazima: Ctrl+S. Word inajiwekea akiba ya dharura kila baada ya dakika 10 kama hujabadilisha mpangilio. Sasa umeme ukikatika dakika ya tisa, na kompyuta ni ya mezani bila betri, utamwambia nini mteja? Mimi nikimaliza aya tu, Ctrl+S. Wanaofundisha watakwambia hizo herufi zinatoka kwenye Kiingereza, ni kweli, lakini mimi nimejiwekea za kwetu: S ya salimisha, P ya piga chapa, F ya fukua (kutafuta neno). Hazisahauliki.

Z, X, C na V ndo zina historia. Kukata, kunakili na kubandika kulianza miaka ya 1970 kwenye maabara ya Xerox PARC kule California, Larry Tesler na mwenzake Tim Mott walipotengeneza programu ya kuandikia iitwayo Gypsy. Tesler akahamia Apple mwaka 1980, na kompyuta ya Lisa ikatoka 1983. Alifariki Februari 2020. Tazama kibodi yako: hizo herufi nne zimepangana mstari wa chini, karibu kabisa na Ctrl, na X inafanana na mkasi. Mkono wa kushoto unafanya yote.

Halafu kuna hii ambayo wengi hawaijui. Kibodi zetu za mtumba mara nyingi kitufe cha C au V kimekufa. Usikimbilie kununua nyingine. Ctrl+Insert inanakili, Shift+Insert inabandika, Shift+Delete inakata. Ni njia za zamani za Windows na bado zinafanya kazi.

Kwenye Word, utamu uko kwenye kutembea ndani ya maandishi. Ctrl na mshale wa kulia inaruka neno zima badala ya herufi moja moja. Ongeza Shift na neno linachaguliwa. Ctrl+Backspace inafuta neno zima. Ctrl+Home unaenda mwanzo wa waraka, Ctrl+End mwisho. Mteja kaleta barua kaichapa yote kwa herufi kubwa? Usichape upya jamani! Ichague yote kwa Ctrl+A, kisha Shift+F3 mpaka ikae unavyotaka, halafu unarekebisha majina ya watu na mahali. (Kwenye laptop nyingi lazima ushikilie na Fn.) Ukurasa mpya ni Ctrl+Enter, sio kubonyeza Enter mara ishirini. Hiyo ya Enter ndo inafanya waraka uvurugike ukiongeza mstari mmoja juu.

Ctrl+H inabadilisha neno kila lilipo. Barua ileile inaenda shule nyingine, jina la shule limetajwa mara 14, unabadilisha kwa mpigo. Ila usikubali yote kwa pupa: ukiagiza "Juma" iwe "Ali", Jumatatu nayo itageuka Alitatu. Chagua kutafuta maneno kamili kwanza.

Mliochukua maandishi mtandaoni yakaja na rangi na michoro yake: bandika kwa Ctrl+V, achia, bonyeza Ctrl peke yake, kisha T. Yanabaki maneno matupu.

Excel kwa kifupi, maana wengi mnatumia kwa michango ya harusi na vikoba tu. Alt pamoja na = inajumlisha safu. Ctrl+; inaweka tarehe ya leo. F2 inafungua kisanduku urekebishe bila kufuta. Ctrl+D inashusha kanuni kwenye visanduku ulivyochagua. F4 ukiwa ndani ya kanuni inaweka alama za dola, ile ya kuzuia kisanduku kisihame unaponakili. Hiyo tu ingetosha kuokoa hesabu za mhazini wa kikundi.

Usizikariri zote kwa siku moja, utachanganyikiwa. Chukua mbili kwa wiki, ziandike kwenye karatasi ubandike pembeni ya skrini, na kipanya kisogeze mbali kidogo ili mkono uone uvivu kukifuata.

Wa LibreOffice, nyingi ni zilezile, ila Ctrl+1 kwenu ni kichwa cha habari, wakati kwenye Word inapanga nafasi kati ya mistari. Wa Mac, pale niliposema Ctrl nyie mara nyingi wekeni Command. Mwenye nyingine ninayoikosa, hasa za Excel, aitupie hapo chini tunufaike wote.