Hifadhi ya Lewa: Kutoka Ranchi ya Ng'ombe hadi Makao ya Faru

Hifadhi ya Wanyamapori ya Lewa iko kaskazini mwa Kaunti ya Meru, pale miteremko ya Mlima Kenya inaposhuka kuelekea nyika kavu ya Isiolo. Mwaka 1922 mlowezi Mwingereza, Alec Douglas, alianza kufuga ng'ombe hapo. Kwa zaidi ya miaka hamsini Lewa ilikuwa ranchi, ingawa wanyamapori waliachwa walishe pamoja na mifugo.

Kilichobadili mkondo wake ni biashara ya pembe. Kenya, iliyokuwa na faru weusi wapatao 20,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilibakiwa na pungufu ya 400 baada ya muda usiofika miaka ishirini.

Anna Merz, mzaliwa wa Uingereza (1931), alikuwa ameishi Ghana miaka mingi akiendesha karakana ya uhandisi. Alihamia Kenya mwaka 1976 akitaka kupumzika, lakini mizoga ya faru waliokatwa pembe ilimnyima utulivu. Aliwaendea David na Delia Craig, warithi wa ranchi, nao wakakubali kutenga ekari 5,000. Gharama za ua wa umeme, walinzi na kuwahamisha faru alizibeba kwa fedha zake mwenyewe. Hivyo ndivyo hifadhi ya faru ya Ngare Sergoi ilivyoanza mwaka 1983. Kujitolea kwa namna hiyo ni nadra, hasa kwa mtu asiyemiliki hata kipande cha ardhi hiyo.

Merz hakuishia kutoa fedha. Mwaka 1985 alimlea Samia, ndama wa faru aliyeachwa na mama yake, hadi akaweza kuishi porini. Kwa kukaa naye karibu alijifunza milio ya faru na tabia zao, wanyama ambao wengi waliwadhania kuwa wakali tu na wasio na akili.

Eneo la faru liliongezwa mwaka 1988. Mwaka 1994 ranchi nzima ilizungushiwa ua pamoja na msitu wa Ngare Ndare, na mwaka uliofuata Lewa ikawa taasisi isiyo ya faida. Leo ina ekari zipatazo 62,000 na pia ni ngome ya pundamilia wa Grevy.

Tangu 2011 tembo huvuka chini ya barabara ya Nanyuki–Meru, kupitia njia waliyojengewa, wakienda Mlima Kenya na kurudi. Mwaka 2013, mwaka aliofariki Merz, UNESCO iliiunganisha Lewa na urithi wa dunia wa mlima huo. Miaka miwili baadaye baadhi ya faru wa Lewa walipelekwa Sera, Samburu, kwenye hifadhi inayosimamiwa na jamii ya wafugaji.