Pamba Fifi na Mafuta Yamwagikapo Majini

Historia ya kusafisha mafuta yaliyomwagika baharini husimuliwa kana kwamba ni historia ya mitambo na kemikali peke yake, ilhali mazao ya shambani nayo yana sehemu yake humo. Machi 1967 meli ya Torrey Canyon iligonga mwamba karibu na Cornwall, Uingereza, na takriban tani 120,000 za mafuta ghafi zikamwagika. Waingereza walinyunyizia maelfu ya tani za sabuni kali. Mafuta yalitawanyika, lakini sabuni hiyo iliua konokono na viumbe wengine wa miambani, na fukwe zilizonyunyiziwa zilichelewa kupona kwa miaka mingi kuliko zile zilizoachwa. Huko Santa Barbara, Marekani, mwaka 1969, wasafishaji walitandaza majani makavu ya nafaka ili yanyonye mafuta, kisha wakayazoa. Na meli ya Wakashio ilipovuja Mauritius Agosti 2020, wananchi walishona vizuizi vinavyoelea kwa majani ya miwa kabla msaada wa nje haujatosha. Fundisho ni hili: kinachonyonya mafuta na kuzolewa huyatoa majini, kinachoyatawanya huyaacha humo humo.

Kwa kipimo hicho, mkoa wa Simiyu nchini Tanzania una neno la kusema. Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2012, lakini pamba yake ni ya zamani zaidi. Wasukuma waliilima tangu enzi za ukoloni, kituo cha utafiti cha Ukiriguru kikazalisha mbegu bora, na mwaka 1955 vyama vyao vya ushirika viliungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, chini ya Paul Bomani. Katika muda wote huo pamba ilithaminiwa kwa jicho la mfumaji: safi ilipata bei nzuri, na fifi, yenye madoa au nyuzi changa, ilipata bei duni. Mfumaji hakukosea, lakini maji yana vigezo vingine. Uzi wa pamba ambao haujasafishwa kiwandani umefunikwa na nta ya asili, inayofukuza maji na kuyapokea mafuta. Utafiti wa Texas, uliopamba moto baada ya ajali ya mtambo wa kuchimba mafuta baharini wa Deepwater Horizon ya 2010, ulionyesha kuwa kilo moja ya pamba ghafi yenye nyuzi zisizokomaa huweza kunyonya zaidi ya kilo 30 za mafuta ghafi. Udhaifu wa nyuzi changa kwenye kitambaa huwa nguvu yake kwenye mafuta.

Atakayepinga atauliza: Bariadi, makao makuu ya Simiyu, iko mbali na bahari, mafuta gani yataifikia? Jibu liko Busega, wilaya ya Simiyu inayopakana na Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria. Meli hubeba mafuta kutoka Kisumu kwenda Uganda, na ziwa hilo halina mawimbi ya bahari kuu wala maji ya kupwa na kujaa ya kuyachukua mbali. Jijini Mwanza watu hunywa maji yake, na dagaa, sato na sangara ndio riziki ya wavuvi wengi. Kumwaga kemikali katika maji ya kunywa ni jambo la kuogopwa zaidi kuliko baharini.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: pamba iliyolowa mafuta ni taka hatari, na haifai kwa janga kubwa lenye mawimbi makali. Ni kweli. Kwa janga la namna hiyo vizuizi na mashine za kukusanya mafuta hazina mbadala, na pamba lazima izolewe mapema, ikaminywe au kuteketezwa kwenye tanuri linalofaa. Lakini majanga mengi ya ziwani ni madogo: tangi linalovuja gatini, boti iliyopinduka, pipa lililotoboka. Hapo marobota machache yaliyohifadhiwa karibu na maji yanaweza kufanya kazi kubwa.

Hivyo Bodi ya Pamba, vyama vya ushirika vya Simiyu na mamlaka za bandari za ziwa zinapaswa kulijaribu hili kwa vipimo vya wazi, kwa pamba fifi ya Bariadi na maji ya ziwa lenyewe, na kuweka akiba kwenye magati kabla meli haijavuja.