Hakuna kodi bila uwakilishi

Hakuna kodi bila uwakilishi ni kanuni ya siasa inayosema kwamba serikali haina haki ya kuwatoza watu kodi bila ridhaa yao, na kwamba ridhaa hiyo hutolewa na wawakilishi waliochaguliwa na watu wenyewe. Ilijulikana sana kama kaulimbiu ya makoloni 13 ya Uingereza huko Amerika Kaskazini katika miaka ya 1760 na 1770, ingawa wazo lenyewe ni la zamani zaidi. Kanuni hii inaunganisha mambo matatu: uhuru wa mtu na mali yake, mamlaka ya kutoza kodi, na wajibu wa viongozi kwa wale wanaowaongoza.

Asili

Mwaka 1215 makabaila wa Uingereza walimlazimisha Mfalme John kukubali hati iitwayo Magna Carta. Kifungu cha 12 cha hati hiyo kilikataza tozo kadhaa za mfalme kama hazikukubaliwa na baraza la ufalme. Kifungu hicho kiliachwa katika matoleo yaliyofuata, lakini desturi ya kuomba kibali kabla ya kutoza kodi iliendelea kukua, na baadaye ikawa nguvu kuu ya Bunge.

Mfalme Charles I alitawala bila kuitisha Bunge kuanzia 1629 hadi 1640. Ili kupata fedha alitoza "kodi ya meli", ambayo kwa desturi ilidaiwa miji ya pwani wakati wa hatari ya vita, akaieneza nchi nzima wakati wa amani. Mbunge John Hampden alikataa kulipa. Kiasi kilichobishaniwa mahakamani kilikuwa shilingi 20 tu, na Hampden alikuwa tajiri. Alichopinga ni mamlaka ya mfalme kuiweka kodi hiyo peke yake. Mwaka 1638 majaji 7 kati ya 12 walimpa mfalme ushindi, lakini mwaka 1641 Bunge lilitangaza kodi hiyo kuwa haramu. Sheria ya Haki ya mwaka 1689 ilithibitisha kwamba mfalme hawezi kutoza fedha bila kibali cha Bunge.

Mwanafalsafa John Locke alieleza msingi wa kanuni hii katika vitabu vyake viwili kuhusu serikali, vilivyotolewa wakati huohuo. Alikubali kwamba kila anayelindwa na serikali anapaswa kuchangia gharama zake. Hata hivyo, mchango huo lazima utokane na ridhaa ya walio wengi, ama wao wenyewe au kwa njia ya wawakilishi wao. Mtawala anayechukua mali ya watu apendavyo anavunja lengo la kuwepo kwa serikali, yaani kulinda mali hiyo.

Makoloni ya Amerika

Vita ya Miaka Saba (1756–1763) iliiachia Uingereza deni kubwa. Bunge la London liliona ni haki makoloni yachangie gharama za ulinzi wao. Sheria ya Stempu ya mwaka 1765 iliweka kodi kwenye magazeti, hati za mahakama, leseni na hata karata za kuchezea. Wakoloni walipinga kwa kuwa hawakuwa na mbunge hata mmoja London. Oktoba 1765 wajumbe wa makoloni 9 walikutana New York na kutamka kwamba ni mabaraza yao wenyewe tu yanayoweza kuwatoza kodi.

Watetezi wa serikali, akiwemo Thomas Whately, walijibu kwamba kila mbunge huwakilisha raia wote wa dola, hata wasiompigia kura. Walitaja miji kama Manchester na Birmingham, ambayo haikuwa na wabunge wake lakini ililipa kodi. Wapinzani wao walijibu kwamba mbunge anayewatoza kodi watu wa Uingereza hujitoza na yeye mwenyewe, lakini akiwatoza watu wa Amerika hujipunguzia mzigo.

Sheria ya Stempu ilifutwa mwaka 1766, lakini Bunge likatangaza papo hapo kwamba lina mamlaka juu ya makoloni katika mambo yote. Kodi nyingine zilifuata. Tarehe 16 Desemba 1773 watu wa Boston walitupa baharini makasha 342 ya chai. Uingereza iliifunga bandari ya mji huo, vita ikaanza mwaka 1775, na uhuru ukatangazwa tarehe 4 Julai 1776.

Walioachwa nje

Kaulimbiu hii iliwageukia walioitumia. Mwaka 1780 Paul Cuffe na wenzake, watu weusi huru wa Massachusetts, waliandika malalamiko kwamba wanatozwa kodi ilhali hawana kura. Nchini Uingereza, chama cha wanawake kilichoundwa mwaka 1909 kilihimiza kukataa kulipa kodi hadi wanawake wapate kura. Wakazi wa Washington, D.C. hulipa kodi za taifa, lakini mpaka leo mjumbe wao hana kura katika kupitisha sheria bungeni.

Afrika Mashariki

Wakoloni walileta kodi mapema kuliko uwakilishi. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba kuanzia 1898, na kodi ilikuwa miongoni mwa sababu za Vita ya Maji Maji (1905–1907). Nchini Kenya kodi ya nyumba ilianza mwaka 1901. Walowezi Wazungu walichagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1920, lakini Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944 kwa kuteuliwa. Harry Thuku, aliyepinga kodi na kipande, alikamatwa Machi 1922, na watu waliodai aachiliwe Nairobi walipigwa risasi. Tanganyika ilipata wajumbe wa kwanza Waafrika katika baraza lake mwaka 1945, nao pia waliteuliwa.

Katika katiba za leo

Ibara ya 138 ya Katiba ya Tanzania inakataza kodi yoyote isiyotokana na sheria ya Bunge. Ibara ya 210 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema vivyo hivyo, na inaongeza kwamba hakuna sheria inayoweza kumsamehe ofisa wa serikali kodi kwa sababu ya cheo chake.

Hata hivyo, kuwa na Bunge hakumalizi suala la ridhaa. Tarehe 25 Juni 2024 wabunge wa Kenya walipitisha Muswada wa Fedha, na siku hiyohiyo waandamanaji, wengi wao vijana, waliingia katika majengo ya Bunge. Watu kadhaa waliuawa. Kesho yake Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia saini. Kodi hizo zilikuwa zimefuata utaratibu wa katiba. Malalamiko yalikuwa kwamba wawakilishi hawakuwasikiliza waliowachagua.