Ghorofa 27 na Jengo la 1913

Ukitoka kwetu Malakisi kutafuta pasipoti Nairobi, utaishia Nyayo House: ghorofa 27. Kando yake, pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway, kuna jengo la mawe la 1913, iliyokuwa ofisi ya PC. Vizazi, ndoa na vifo viliandikishwa humo. Siku hizi ni Nairobi Gallery, nyumbani kwa sanaa alizokusanya Joseph Murumbi. Ukipiga picha, la zamani mbele, mnara nyuma, inatoka safi kabisa.

Mimi picha hiyo hainitoshi. Jengo hilo ni la serikali ileile ambayo polisi wake, tarehe 10 Februari 1948, waliwafyatulia risasi waumini wa Dini ya Msambwa Malakisi, wakaua watu 11. Na mnara? Huo tuliujenga wenyewe, tukiwa huru, na chini yake watu wakateswa. Mwaka 1986 Wanyiri Kihoro alifungiwa humo siku 74. Februari 2003 manusura walirudi kuviona vyumba vile, wakitaka pawe makumbusho.

Nikiulizwa turathi ya kona ile iko wapi, nitaelekeza huko chini kwanza. Foleni ya pasipoti inapita juu yake.